Jeshi la Nchi Isiyokuwepo Huanza na Mshahara

Barua nne za toleo hili zinahusu nchi moja ambayo haijawahi kuwako: Shirikisho la Afrika Mashariki, lile ambalo Jomo Kenyatta, Julius Nyerere na Milton Obote walitangaza Nairobi tarehe 5 Juni 1963 kwamba litakuwa tayari kabla ya mwaka kwisha. Mwaka uliisha, halikuwa. Nafurahi kuona vijana wanaliandikia hadithi. Nimekaa bohari ya jeshi miaka kumi na minane, nikihesabu mablanketi na risasi, na tangu nistaafu nimekuwa nikizisoma hadithi zenu za historia iliyochepuka. Nitajibu kwa jicho la bohari, maana ndilo nililo nalo.

SWALI: Shikamoo Mzee. Natunga riwaya. Katika nchi yangu viongozi watatu walitimiza waliyoahidi Juni 1963, na Shirikisho likazaliwa Desemba. Nimeandaa orodha ya jeshi lake la mwaka 1975: vifaru 400, ndege za kivita 120, askari laki mbili. Rafiki yangu ameisoma akasema ni jeshi la karatasi. Nimekosea wapi? *Mtunzi chipukizi, Mwanza*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Orodha yako nimeisoma mara mbili nikimtafuta mpishi. Sikumwona. Nikamtafuta karani wa mishahara, fundi wa magari, tabibu, nao hawamo. Una vifaru 400 na huna pipa la dizeli. Rafiki yako amekusaidia, mshukuru.

Turudi Desemba 1963 tuhesabu ulichorithi. Jeshi la wakati ule lilitokana na Keya, yaani King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902. Kila nchi ilipopata uhuru ilichukua batalioni zake ikazibadilisha jina. Kenya ilikuwa na ya 3, ya 5 na ya 11. Uganda ilichukua ya 4. Tanganyika ilichukua ya 6 na ya 26, zikawa Tanganyika Rifles ya kwanza na ya pili, moja Dar es Salaam, nyingine Tabora. Jumla ni sita. Batalioni ya askari wa miguu ina watu mia sita hadi elfu moja, na nchi yako ina zaidi ya kilomita za mraba milioni moja na laki saba. Maafisa wakubwa karibu wote ni Waingereza. Huo ndio mtaji wako.

Sasa tazama kalenda. Shirikisho lako lina umri wa wiki chache tu, inafika Januari 1964. Tarehe 12 yanatokea Mapinduzi ya Zanzibar, na Tanganyika inapeleka polisi wake huko. Usiku wa kuamkia tarehe 20, askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, wanawafungia maafisa wao Waingereza na kuingia mjini. Wanataka mambo mawili: mshahara upande, na maafisa wawe Waafrika. Waziri Oscar Kambona ndiye anayekwenda kuzungumza nao. Tabora wanafuata. Tarehe 23 ni Jinja, Uganda, na wanamzuia waziri Felix Onama. Tarehe 24 ni Lanet, karibu na Nakuru, batalioni ya 11. Siku tano, nchi tatu, malalamiko yale yale. Tarehe 25 makomando wa Uingereza wanashuka Colito kwa helikopta kutoka manowari ya HMS Centaur, kwa ombi la Nyerere mwenyewe, ombi lililomuuma sana.

Kwa nini malalamiko yalifanana hivyo? Watu hutafuta mkono wa siri. Mimi natazama pochi. Tanganyika, Kenya na Uganda zilitumia shilingi moja, ile ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na iliendelea hadi mwaka 1966. Askari wa Tabora akikutana na ndugu yake wa Lanet kwenye likizo hawakuhitaji kubadilisha fedha ili kulinganisha mishahara. Walitoka Keya moja, wanajuana kwa namba, na redio wanaisikia wote. Habari ya Colito ilipofika Jinja, kila askari alikuwa tayari ameshapiga hesabu yake.

Hapo ndipo riwaya yako ilipo, mwanangu, wala haipo kwenye vifaru. Katika historia tunayoijua serikali tatu zilijibu kwa njia tatu. Nyerere alilivunja jeshi lote akaanza upya, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, likichukua vijana kutoka umoja wa vijana wa chama cha TANU na kuongozwa na afisa kijana, Mrisho Sarakikya. Obote aliongeza mishahara na kupandisha vyeo haraka, na mmoja wa waliopanda ni Idi Amin. Kenyatta aliwapeleka waasi mahakama ya kijeshi. Serikali yako ni moja. Haiwezi kufanya yote matatu. Ikilivunja jeshi lote inabaki bila mtu wa kulinda Mkoa wa Kaskazini Mashariki wa Kenya, ambako hali ya hatari imetangazwa tangu Desemba. Ikiongeza mishahara inafundisha kila batalioni kwamba bunduki ndiyo barua ya maombi. Ikiwafunga, inawafunga Wakenya, Waganda na Watanganyika katika kesi moja, na kila bunge la zamani litahesabu wa kwake. Andika kikao hicho cha mawaziri. Kipe kurasa thelathini.

Nikueleze siku ya mshahara ilivyo, maana hujaiweka. Meza inawekwa chini ya mti au kwenye veranda. Karani anakaa na daftari, afisa anakaa na sanduku, askari mwenye silaha anasimama nyuma. Jina linaitwa, mtu anakuja kwa mwendo wa gwaride, anapiga saluti, fedha inahesabiwa kwa sauti mbele yake, anatia saini au dole gumba. Mwaka mmoja, katika kambi nisiyoitaja, fedha ilichelewa siku tatu. Siku ya kwanza watu walitania. Siku ya pili walinyamaza. Siku ya tatu niliona jambo ambalo sijalisahau: walianza kupiga saluti vizuri mno, kwa ukamilifu wa kutisha, kama watu waliokwisha kukubaliana. Afisa wetu alikuwa mtu mwenye macho. Alipanda gari mwenyewe akarudi usiku na sanduku, tukalipa kwa taa ya karabai. Ukiweza kuiandika ile siku ya tatu, msomaji ataliamini jeshi lako lote.

Sasa silaha. Hukuandika nani amekuuzia. Katika miaka ile Kenya ilishikamana na Uingereza, Uganda ikafundishwa na Waisraeli, na Tanzania ikapata Wachina pamoja na Wakanada, waliofundisha jeshi letu kuanzia 1965 hadi 1970. Wajerumani wa Magharibi walianza kutujengea kikosi cha anga, wakaondoka mwaka 1965 kwa ugomvi wa ubalozi wa Ujerumani Mashariki. Kila mwalimu huja na bunduki yake, na kila bunduki ina risasi yake. Mtunza bohari wa Shirikisho atapata masanduku mawili, yote yameandikwa 7.62, yaani kipenyo cha risasi kwa milimita. Moja ni la bunduki ya Kiingereza, ganda lake milimita 51. Jingine ni la bunduki ya Kichina ya mtindo wa Kalashnikov, ganda milimita 39. Namba ni moja, risasi haziingiliani. Mtu aliyechoka, usiku, mvua inanyesha, akasoma namba ya kwanza tu akapakia lori, ameipeleka batalioni nzima vitani na vyuma visivyo na kazi. Nilikuwa nikiwalazimisha vijana wangu wafungue sanduku na kushika risasi kwa mkono kabla ya kutia saini. Walininung'unikia. Sikuwalegezea.

Ukitaka vifaru, uliza madaraja. T-55, kifaru cha Kirusi, ina uzito wa tani 36 hivi. Centurion ya Kiingereza ni tani 50 na kidogo. Amua daraja gani la nchi yako linaibeba, na likilipuliwa utavukaje. Mwaka 1978 majeshi ya Amin yalipolipua daraja la Kyaka, mto Kagera ukawa ukuta, na haikuwezekana kuvusha magari hadi lilipowekwa daraja jingine. Malori na mabasi ya raia yalichukuliwa kupeleka askari mbele. Nakumbuka basi lililokuja kwetu likiwa bado na kapu la mtu juu ya keria, vitunguu ndani. Hakuna orodha ya jeshi inayoandika basi hilo, na bila mabasi tusingefika.

Nafuu yako kubwa ni reli. Reli zetu zote zilikuwa za mita moja upana, chini ya shirika moja. Njia ya Mombasa ilifika Kampala, Njia ya Kati ilitoka Dar es Salaam hadi Kigoma, na mwaka 1963, mwaka ule ule wa Shirikisho lako, kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kiliunganisha ya Kati na ile ya Tanga. Maana yake mzigo ukishuka Kilindini, bandari ya Mombasa, unaweza kupanda behewa, ukapita Voi, Kahe, Mnyusi, Ruvu, Morogoro na Dodoma, ukashuka Tabora bila kukanyaga barabara. Nilipoligundua hilo kwenye ramani niliinuka nikatembea chumbani, kwa kuwa hiyo ndiyo Afrika Mashariki ambayo mabehewa yaliijua kabla ya wanasiasa. Mweke mhusika wako ndani ya treni hiyo.

Na laki mbili? Punguza. Kumtoa luteni hadi awe luteni kanali anayestahili kukabidhiwa batalioni ni kazi ya miaka kumi na tano, na wewe una kumi na miwili. Mimi ningekupa batalioni ishirini mwaka 1975, tena nne kati yake ziongozwe na mameja waliopandishwa kabla hawajaiva, na wao wenyewe wakilijua hilo.

SWALI: Mzee, heshima kwako. Askari wangu wanaitana "sir" na kambi zao nimezipa majina ya wanyama. Mhariri amesema havina ladha. Jeshi la Shirikisho lingezungumza lugha gani? *Msomaji, Nairobi*

JIBU: Lingezungumza Kiswahili, na si kwa uzalendo, ni kwa mazoea. Keya ilikuwa na Wakamba, Waacholi, Wahehe, Wanyamwezi, Wanandi, na kilichowaunganisha ni Kiswahili chao cha kambini, Kikeya, kifupi, kisichojali ngeli. Afisa Mwingereza alitakiwa ajifunze. Mjomba wangu alikwenda nacho hadi Burma mwaka 1944 pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na hadi anazeeka, akikasirika tu, ngeli zilimkimbia.

Mkubwa aitwe "afande". Neno hilo lina safari ndefu: ni "effendi" ya Kituruki, iliyokuja na askari wa Misri na Sudan, na katika miaka ya 1950 Keya ikaifanya effendi kuwa cheo kamili, juu ya afisa mteule na chini ya afisa wa kamisheni. Amin alipitia hapo. Kuna uchungu ndani ya cheo hicho, ukikichunguza. Mwafrika mwenye akili na utumishi wa miaka ishirini alifika pale, akaona ngazi imekatwa. Mpe mhusika wako mmoja cheo hicho, na mwaka 1964 umwache achague.

Kwa amri tumia zile zile: mguu sawa, mguu pande, nyuma geuka. Vyeo vyetu vya Tanzania vinapanda koplo, sajenti, afisa mteule, luteni usu, luteni, kapteni, meja, luteni kanali, kanali, brigedia jenerali na kuendelea. Kwenu Kenya utasikia zaidi "sajini" kuliko "sajenti". Tofauti hiyo ndogo usiifute. Katika hanga moja la Shirikisho, yaani bweni la askari, mtu anayesema sajini na mtu anayesema sajenti wamelala kitanda cha juu na cha chini, na msomaji atajua nani ametoka wapi bila wewe kumwambia.

Ila kumbuka Buganda. Kule watu wengi walikisikia Kiswahili kama lugha ya kambi, lugha ya mtu mwenye bunduki. Amri ya Kiswahili ikitolewa Moshi ni jambo la kawaida. Ikitolewa mtaani Kampala, mama anamvuta mtoto ndani.

Kuhusu kambi, acha wanyama. Jina la kambi ni ushahidi wa nani aliyeshinda mabishano. Colito iliitwa kwa vita vya Colito, Ethiopia, Mei 1941, ambako batalioni ya 6 ilipigana na Waitaliano. Baada ya maasi jina likafutwa, ikaitwa Lugalo, mahali ambapo mwaka 1891 watu wa Mkwawa walikiteketeza kikosi cha Wajerumani cha Zelewski. Askari walio Colito walikumbuka walivyopigana kwa ajili ya Mwingereza. Walio Lugalo wanakumbuka Mhehe aliyempiga Mzungu. Kambi ni ile ile, kiwanja ni kile kile. Nchi yako ingezipa kambi majina gani ambayo Mganda, Mkikuyu na Msukuma wote wangeyapigia saluti? Fanya kazi hiyo kabla ya sura ya kwanza.

SWALI: Je, Shirikisho lingeweza kuwa na meli ya kubeba ndege? *Mpenda bahari, Mombasa*

JIBU: Hapana, kijana wangu. Tulikuwa na jeshi la majini la pamoja, Royal East African Navy, makao yake Mombasa, likavunjwa mwaka 1962, kabla hata ya tamko la Nairobi. Nchi zilizoshindwa kuendelea kuchangia boti za doria hazitanunua uwanja wa ndege unaoelea.

Lakini umegeuzia mgongo maji yaliyo bora zaidi. Tazama Ziwa Victoria: Kisumu, Mwanza, Bukoba, Port Bell, bandari za nchi tatu juu ya maji mamoja. Meli ya Victoria iliundwa Scotland, ikasafirishwa vipandevipande, ikaunganishwa Kisumu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mafundi wa kiwanda kile wangeweza kuunganisha boti za doria pia. Na huko Ziwa Tanganyika kuna Liemba, meli ya Wajerumani waliyoizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa, ikarudi kazini mwaka 1927. Jeshi la majini la Shirikisho ni la maziwa kwanza. Ningekuwa wewe, ningemfanya baharia wangu Mjaluo wa Kisumu aliyepelekwa Kilindini, akaona bahari yenye chumvi kwa mara ya kwanza, akaomba arudishwe.

SWALI: Shikamoo Mzee. Shujaa wangu ni luteni Mganda katika jeshi la Shirikisho, mwaka 1966. Anaamriwa kwenda Mengo. Nataka akatae, lakini sijui kama inawezekana, na sijui nani angemwamuru. Nimekwama miezi minne. *Binti anayeandika, Kampala*

JIBU: Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeikalia muda mrefu kuliko zote.

Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Uganda liliishambulia Lubiri ya Mengo, ikulu ya Kabaka mjini Kampala, kwa amri ya Obote, Amin akiongoza, na Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, aliyekuwa amewahi kuwa rais wa nchi hiyo hiyo, akatoroka hadi Uingereza. Watu walikufa. Wapo wajukuu wao wanaosoma gazeti hili, kwa hiyo usiandike Mengo kama mandhari ya mapambano tu.

Ulichokwamia si moyo wa luteni, ni karatasi. Katika Uganda ya 1966 njia ya amri ilikuwa fupi: mtu mmoja aliyeshika serikali, na kamanda aliyemtegemea. Katika Shirikisho njia inakuwa ndefu. Waziri wa ulinzi huenda ni Mtanganyika. Mkuu wa majeshi huenda ni Mkenya. Batalioni iliyo Jinja huenda nusu yake imetoka Tabora na Nanyuki, kwa sababu baada ya maasi ya 1964 serikali yoyote yenye akili ingechanganya askari ili kambi isiwe ya kabila moja. Basi Obote wako, akiwa kiongozi wa jimbo tu, hawezi kuamuru. Inabidi aombe. Na ombi husafiri: simu, kisha telegramu, kisha hati yenye saini, kisha bohari itoe risasi. Hakuna risasi inayotoka bila hati. Nimefanya kazi hiyo miaka kumi na minane, najua uzito wa karatasi hiyo mkononi.

Kukataa kunawezekana, ila gharama yake ni mahakama ya kijeshi, na luteni wako lazima aijue kabla hajafungua mdomo. Mimi nisingemfanya apige hotuba mbele ya gwaride. Ningemweka mlangoni mwa bohari saa kumi usiku, na karani aliyetoka Tabora, ameshika hati. Saini iliyo chini si ya mwenye mamlaka, ni ya msaidizi wake, "kwa niaba". Karani ameiona. Luteni ameiona. Lori linanguruma nje. Karani, ambaye hana ndugu hata mmoja Buganda, anaweza kuirudisha hati kwamba haijakamilika, na kuirudisha kunachukua saa tano au sita, na katika saa hizo watoto na wazee wanaweza kutoka Lubiri.

Sijui karani wako atafanya nini. Andika sura hiyo kwanza, kabla ya nyingine zote, unitumie.